Asali ya wanzuki: Pima uzito kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MNUNUZI wa asali ya kutengenezea wanzuki nyumbani, awe wa Gongoni au kwingineko mjini Tabora, hana sababu ya kulipia chupa yenye lebo nzuri. Asali nyeusi ya miombo, hata iliyoshika harufu ya moshi, inafaa. Vipande vya masega huchujwa. Ile ya nyuki wadogo wasiouma ni ghali, na kuichachusha ni kuifuja.

Tatizo lipo kwenye ujazo. Asali huuzwa kwa lita, lakini kinacholiwa na hamira ni sukari iliyomo. Lita moja ya asali iliyokomaa ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo dumu la lita 20 linapaswa kukaribia kilo 28, ukiondoa uzito wa dumu lenyewe. Ikipungua kilo moja au zaidi, maji yamezidi: ama ilirinwa kabla nyuki hawajayafunika masega kwa nta, ama imetiwa maji.

Mizani, hata hivyo, haimkamati aliyechanganya sukari iliyochemshwa. Kwa huyo, kinga ni kununua kwa mrina asali unayemfahamu, tena wakati wa mavuno.

Asali iliyoganda isikutishe. Wateja wengi huidhania kuwa ni sukari, na hapo ndipo pa kuomba punguzo.