Kipande Kimoja, Picha Moja: Filamu Bapa Kwenye Mwanga wa Matema

Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, jua huchelewa. Milima ya Livingstone imeziba upande wa mashariki, ikipanda kutoka usawa wa ziwa, mita 475 hivi juu ya bahari, hadi zaidi ya mita 2,000 bila kubembeleza. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ilikatika, upande mmoja ukazama na maji yakaujaza. Kwa hiyo asubuhi kivuli cha mlima hulala juu ya ufuko, mitumbwi na vyungu vya Wakisi, huku maji ya upande wa Itungi yakiwa yameshawaka. Anayeelekeza kamera magharibi saa hiyo ana giza na mchana ndani ya picha moja.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni mara mbili ya iliyotangulia. Hatua tatu ni mara 8 tu, lakini hatua kumi ni mara 1,024. Ukungu wa Aprili ukishuka Kyela, mvua ikiwa imepamba moto, mandhari yote yaweza kuenea ndani ya hatua tatu au nne. Jua likitoka, kutoka chini ya mikakao hadi mmeto wa maji ni kumi, pengine na zaidi. Wilaya ni ileile, wiki ni ileile, na kwa mwenye kamera ya umbo la kati mara nyingi hata mkanda ni uleule.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mkanda wa 120 ukiwekwa kwenye kamera ya sentimita 6 kwa 6 hutoa picha 12, na zote husafishwa pamoja, ndani ya dawa moja, kwa dakika zilezile. Ukungu na jua kali vinapewa hukumu moja.

Filamu bapa huvunja ndoa hiyo. Badala ya mkanda, kila picha ina kipande chake kilichokatwa, nacho hukaa ndani ya kibebeo chembamba chenye kifuniko cha kuchomoa. Unaondoa mgongo wa kawaida wa kamera, unachomeka kibebeo, unachomoa kifuniko, unapiga, unakirudisha. Rolleiflex za lenzi mbili ziliwahi kuuziwa mgongo wa aina hii kwa sahani za kioo za sentimita 6.5 kwa 9, na Hasselblad nao walikuwa na kibebeo chao. Watu huisifia filamu bapa kwa ukubwa, na kwenye kamera kubwa za miguu mitatu ni kweli. Kwenye umbo la kati sifa hiyo haina maana, maana eneo la picha halikui. Faida yake iko kwenye kemia.

Chembe ya bromidi ya fedha ikipigwa na mwanga hupata atomi chache za fedha tupu. Nne hivi zinatosha. Dawa ya kusafishia huanzia kwenye doa hilo na kuigeuza chembe nzima kuwa fedha nyeusi. Kwenye sehemu za kivuli chembe zilizoguswa ni chache, hivyo kazi huko huisha mapema. Kwenye sehemu zilizopata mwanga mwingi dawa huendelea kujenga weusi kila dakika inayopita. Ukikatisha muda, mng'ao wa ziwa unapungua bila kuvinyima vivuli kitu kikubwa. Ukiuongeza, picha ya ukungu iliyolala inanyanyuka. Ansel Adams na Fred Archer waliupangia ujuzi huu utaratibu kamili huko Los Angeles karibu na mwaka 1940, na utaratibu wao unadai jambo moja: kila negativu isafishwe kivyake. Mwenye Hasselblad atasema anabeba migongo mitatu, mmoja wa jua, mmoja wa mawingu, mmoja wa ukungu. Ni jibu zuri kwa mwenye fedha, na mwenye subira ya kungoja kila mkanda uishe.

Kibebeo nacho kina masharti yake. Filamu lazima ikae pale pale ambapo kioo cha ukungu, kile cha kulengea, kilionyesha picha imekaa sawa. Tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/2.8, nafasi ya kukosea kwenye umbo hili ni kama milimita 0.14 mbele au nyuma. Plastiki ya filamu bapa ina unene wa milimita 0.18 hivi, sahani ya kioo hufikia milimita moja na zaidi. Ukitia filamu kwenye kibebeo cha zamani kilichoundwa kwa kioo, bila kile kibati chembamba cha kuishikilia, itajikunja ndani na ukali wa picha utapotea. Unyevu wa Kyela huzidisha, kwani jelatini inayobeba chembe za fedha hunywa maji ya hewani na kuivuta filamu upande.

Halafu joto. Dawa nyingi zimepimiwa nyuzi 20, na Kyela si rahisi kuchota maji ya nyuzi 20. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na hata kule chini kabisa kusiko na oksijeni joto halishuki chini ya nyuzi 22. Maji ya nyuzi 28 hupunguza muda wa kusafisha karibu kwa nusu, na ukifika chini ya dakika tano dawa haienei sawasawa. Jelatini nayo huvimba na kulainika. Wakemia wa zamani waliongeza salfeti ya sodiamu kwenye dawa za nchi za joto ili isivimbe, na kwenye dawa ya kukazia wakatia shabu, hiihii ya kutulizia maji ya kunywa. Mimi ningepanda Tukuyu, kwenye baridi, na vibebeo vikiwa vimeandikwa: hiki jua, hiki ukungu. Lakini nisingekaa navyo wiki nzima njiani, kwani picha isiyosafishwa hufifia kwenye joto na unyevu.

Kibebeo pia kinaruhusu kubadili aina ya filamu kati ya picha mbili, na hapa ufuko huu una historia. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, alizunguka kaskazini mwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1906 akachapisha Berlin kitabu kikubwa chenye atlasi ya picha. Sahani za enzi zake zilikuwa pofu kwa wekundu. Hermann Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani huifundisha fedha kuona kijani, ila sahani za kuona rangi zote zilianza kuuzwa kama 1906. Udongo mwekundu ulitoka mweusi, anga ikatoka nyeupe tupu, na ngozi za watu zikatoka nyeusi kuliko jicho lilivyoziona. Anayetazama sura za Wanyakyusa na Wakisi katika picha za wakati huo akumbuke kwamba sehemu ya weusi ule ni ya sahani. Filamu isiyoona wekundu bado inatengenezwa: tia kipande chake kwenye kibebeo kimoja, ya kawaida kwenye kingine, piga chungu kilekile cha Wakisi mara mbili, na tofauti utaiona mwenyewe.

Kuna kisichofaa kabisa kwa filamu bapa: nkungu. Wadudu hawa wadogo hupanda kutoka ziwani kwa mamilioni, wakafanya nguzo zinazofanana na moshi, na upepo huwabadilisha umbo kabla hujarudisha kifuniko. Hapo tumia mkanda. Ila wakifika pwani ukiwa umeanika filamu, usijaribu kumfuta aliyenasa. Jelatini mbichi ni laini kuliko kidole, na ukimng'oa ataondoka na kipande cha picha. Mwache akauke, kisha umpangushe kwa brashi.