Fuvu Juu ya Sare: Nani Amempa Askari Haki ya Kuadhibu?

Askari wengi, wanapopumzika kambini, hupenda filamu na hadithi za picha za mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Wako wanaoziona hadithi hizo kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo, ndani yake mna swali liwahusulo sana watu wavaao sare: je, mwenye nguvu za kumwadhibu mwovu anayo pia haki ya kumwadhibu?

Tutazame hadithi mbili kutoka Marekani. Ya kwanza ni ya Spider-Man, iliyotungwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962. Kijana aitwaye Peter Parker aliumwa na buibui aliyepatwa na mionzi, akapata nguvu za ajabu. Siku moja alimwona mwizi akikimbia, naye akampisha, akidai kuwa kumkamata si kazi yake. Baadaye mwizi yuyo huyo alimwua mjomba aliyemlea kijana yule. Tangu hapo Parker alijua kwamba mwenye nguvu akikaa kimya, naye ana sehemu yake katika hatia.

Hadithi ya pili ni ya Punisher, maana yake Mwadhibu, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1974 kwa kalamu ya mwandishi Gerry Conway. Huyu hana nguvu za ajabu. Ni Frank Castle, aliyekuwa askari wa kikosi cha Marine na kupigana Vietnam. Majambazi walimwulia mke na watoto wake katika bustani ya Central Park mjini New York. Tangu siku hiyo alivaa vazi jeusi lenye fuvu jeupe kifuani, akaanza kuwawinda wahalifu na kuwaua bila hati wala hakimu.

Watu hawa wawili walipata jeraha la namna moja, lakini walishika njia mbalimbali. Ni kweli kwamba hata Spider-Man hufanya kazi pasipo idhini ya serikali. Lakini yeye aghalabu humkamata mhalifu na kumwachia polisi, ilhali Castle huwa mpelelezi, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja.

Yafaa kukumbuka kisa chenyewe cha 1974. Mhalifu mmoja mwenye hila alimshawishi Castle kwamba Spider-Man ni mwuaji, naye akatoka kwenda kumwua. Spider-Man hakuwa na hatia. Basi tangu hadithi yake ya kwanza kabisa Mwadhibu alidanganywa, karibu akamwua asiyestahili kufa. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza ushahidi wake u wapi.

Jambo hili halikubaki katika karatasi. Wakati wa vita vya Iraki vilivyoanza mwaka 2003, kikosi kimoja cha makomando wa SEAL wa Marekani, alimokuwamo mlenga shabaha Chris Kyle, kilijiita kwa jina la Punisher na kuchora fuvu lake katika vifaa vyao. Mwaka 2017 polisi wa mji mdogo wa Catlettsburg, jimboni Kentucky, walibandika fuvu hilo katika magari yao ya doria. Wananchi walilalamika, likaondolewa.

Conway mwenyewe alieleza hadharani kwamba jambo hilo lilimsikitisha, kwani Mwadhibu ni dalili ya sheria iliyoshindwa, wala si kielelezo cha mlinzi wa sheria. Katika hadithi moja ya mwaka 2019, askari polisi wawili wanamwonyesha Castle fuvu walilobandika garini mwao kwa kumsifu. Naye analichana. Anawaambia kuwa wao walikula kiapo cha kulinda sheria, naye aliacha mambo hayo zamani. Wakitaka mfano wa kufuata, wamtazame Captain America.

Watetezi wa fuvu wana hoja zao. Husema ni alama ya ushujaa na ya kumtisha adui. Husema pia kwamba mahakama hukawia, na mhalifu aliyekamatwa leo huonekana mtaani kesho. Manung'uniko hayo yana uzito, na kila askari aliyepata kuhatarisha maisha yake kumkamata jambazi anayafahamu. Lakini dawa ya kesi mbovu ni upelelezi bora, ushahidi uliotunzwa vema na shahidi aliyelindwa. Risasi ya kificho haitengenezi mahakama, na ikimpata asiye na hatia hairudi. Hata vitani nguvu ina mpaka: Mikataba ya Geneva ya 1949 yakataza kumwua adui aliyeweka silaha chini.

Ndugu askari, silaha uliyonayo si mali yako. Umekabidhiwa na wananchi kwa kiapo, na nembo iliyo katika kofia yako ndiyo ushahidi wa amana hiyo. Mama aliyeibiwa usiku hukimbilia kituoni kwa kuwa anaiamini nembo ile. Pengine kijana atakayeletwa mbele yako kwa wizi huo ndiye mwenyewe, pengine siye. Akiona fuvu kifuani pako, atajua kuwa hukumu yake imekwisha kukatwa. Akiona nembo ya taifa, yapasa awe na hakika kwamba atasikilizwa kwanza.