Kazembe Yupi?

Ukisoma vitabu vya wasafiri waliofika kusini mwa Ziwa Mweru, waweza kudhani mfalme Kazembe aliishi miaka mia na ushei. Mreno Lacerda alimwendea mwaka 1798, akafia huko huko. Wareno Monteiro na Gamitto walimkuta 1831. Livingstone alipokelewa na Kazembe Novemba 1867. Na leo, mjini Mwansabombwe, Kazembe yupo.

Ni watu mbalimbali, bila shaka: Lukwesa, Keleka, Muonga, na sasa Mpemba Kanyembo, wa 19. Zamani kila mrithi alijenga mji mpya, kwa hiyo hata mahali palibadilika. Jina ndilo lililobaki.

Sisi wa pwani tunaye somo. Mtoto hupewa jina la babu, tukamtania, "Shikamoo babu," naye bado ananyonya. Utani ukiisha, mtoto ni mtoto. Luapula, huko kwa Kazembe, mambo huenda mbali zaidi. Mtu akifa, ndugu au mpwa huteuliwa kumrithi, na Wabemba huita jambo hilo ubupyani. Mrithi hachukui jina tu, huchukua nafasi nzima ya marehemu. Waliokuwa watoto wa marehemu sasa ni watoto wake, hata wakiwa wamemzidi umri. Si mila ya ikulu peke yake: utaikuta kwa wavuvi wa Nchelenge na visiwani Chisenga na Kilwa (naam, nao wana Kilwa yao).

Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi Luapula kuanzia 1948, alisikia wazee wakisimulia vita na safari za karne mbili nyuma kwa kusema "mimi". Hawakuwa wakijigamba. Aliyevuka mto Luapula zamani na anayesimulia leo wana jina moja, na mbele ya ukoo ni mtu mmoja. Kwangu mimi huo ni ufundi mkubwa wa kutunza historia, ila humtesa anayetafuta tarehe. Undugu nao hurithiwa hivyo hivyo: mwenye jina fulani akiwa kaka wa mwenye jina jingine, warithi wao wataendelea kuitana kaka na mdogo, vizazi na vizazi.

Mfanyabiashara Tippu Tip naye ametutegea mtego huo katika simulizi ya maisha yake. "Samu" ambaye Tippu Tip alimpiga mwaka 1867 huko Itawa, mashariki ya Mweru, ni chifu Nsama, na Nsama wamekuwa wengi. Basi ukilikuta jina la namna hii kitabuni, tazama mwaka kwanza.