Mionzi katika Mbolea ya Minjingu: Tuogope Nini, Tusiogope Nini?

Katika ziara zetu kwa vikundi vya wakulima kwenye miteremko ya Mlima Meru, swali moja hujirudia: je, ni kweli kwamba mbolea ya Minjingu ina mionzi? Jibu fupi ni ndiyo, kwa kiasi kidogo. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo laweza kuleta hofu isiyo na sababu, au uzembe wenye madhara. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza mionzi hiyo imetoka wapi na mkulima afanye nini.

Mwamba uliotokana na mifupa

Minjingu ipo Wilaya ya Babati, yapata kilomita 100 kutoka Arusha, upande wa mashariki wa Ziwa Manyara. Zamani, ziwa lilipokuwa kubwa zaidi, kilima hicho kilikuwa kisiwa cha ndege wala samaki. Vinyesi vyao na mifupa ya samaki vilirundikana hadi vikawa mwamba wa fosfati. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1956 na wataalamu waliokuwa wakitafuta urani kwa kupima mionzi kutoka angani kwa eropleni. Kwa maneno mengine, mionzi ndiyo iliyotuonyesha mbolea.

Madini makuu ya mwamba huo huitwa apataiti, yaani muungano wa kalsiamu na fosfati. Mifupa na meno yetu yamejengwa kwa madini ya jamii hiyo hiyo. Apataiti hupokea wageni wanaofanana na wenyeji wake. Chembe za urani, na zile za lanthanidi (kundi la elementi 15, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu), zinakaribiana kwa ukubwa na chembe za kalsiamu. Maji yaliyozibeba yalipopita, ziliingia na kukaa mahali pa kalsiamu.

Sisi wa Meru tunaijua tabia hii kupitia floraidi. Maji ya mito na chemchemi nyingi za hapa yana floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo huingia katika apataiti ya mwili; ikizidi, meno ya mtoto hutoka na madoa ya kahawia, na mifupa huweza kupinda. Kituo cha Ngurdoto kimeigeuza tabia hiyo kuwa msaada: mkaa wa mifupa huinasa floraidi kabla maji hayajanywewa.

Jamaa wanaofanana, tabia tofauti

Lanthanidi nyingi hazina mionzi ya kutisha, lakini kikemia zinafanana na baadhi ya elementi zenye mionzi mikali. Kwa hiyo wanakemia hutumia europiamu, kwa mfano, kujifunza tabia za amerisiamu bila hatari kubwa. Wamejifunza pia kuzifunga chembe hizo ndani ya molekuli zinazozibana pande zote, kama kaa anavyobana kwa magando. Gadoliniamu ikiwa huru ni sumu; ikifungwa hivyo hudungwa mwilini ili picha za hospitali zionekane vizuri. Lutetiamu yenye mionzi hufungwa vivyo hivyo na kupelekwa kwenye baadhi ya saratani.

Urani nayo huoza polepole mno, na katika kuoza huzaa radiamu, ambayo huzaa gesi ya radoni. Radiamu inafanana na kalsiamu, hivyo mwili hudanganyika na kuiweka mifupani. Hatari kubwa basi ni kumeza au kuvuta vumbi.

Kiasi ndicho kinachoamua

Mwaka 2000 watafiti wa Tume ya Taifa ya Mionzi, Arusha, walichapisha vipimo vya mgodini Minjingu: mionzi hewani ilikuwa takriban mara 28 ya wastani wa dunia unaotokana na ardhi. Hapo ni mgodini. Shambani hali ni nyingine. Udongo wa juu wa ekari moja, kwa kina cha sentimita 15, una uzito wa tani zipatazo 800. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitawanywa humo ni sehemu moja kwa 16,000.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

- Funika pua na mdomo unapotawanya mbolea, na nawa mikono kabla ya kula.
- Usihifadhi mifuko chumba cha kulala wala jikoni.
- Usijengee nyumba mawe au mabaki ya mgodi. Radoni hujikusanya ndani ya nyumba isiyopitisha hewa.
- Usiwape kuku wala ng'ombe unga wa fosfati bila ushauri wa mtaalamu wa mifugo.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina ofisi Njiro, Arusha, na kupima mionzi ni kazi yake. Kikundi chenye mashaka kuhusu mawe ya ujenzi kichukue sampuli na kwenda kuuliza kabla msingi haujachimbwa. Nyumba ikishasimama, kuyaondoa mawe hayo ni gharama ambayo wengi wetu hatuiwezi.