Nukta za Ringteli kwenye Ramani

Ringteli ni ndugu mdogo wa rakuni. Ana uzito wa kilo moja hivi, na mkia wake, wenye pete nyeusi na nyeupe, unakaribia urefu wa mwili. Aliyezoea kanu wa kwetu angedhani ni kanu aliyepotea njia. Makao yake ni majabali na makorongo ya kusini-magharibi mwa Marekani, hadi Meksiko. Hutoka usiku, na nyayo zake za nyuma hugeuka nusu duara, hivyo hushuka jabali kichwa kikitangulia. Arizona ilimtangaza mnyama rasmi wa jimbo mwaka 1986, ingawa wakazi wengi hawajapata kumwona.

Kwa kiumbe msiri hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi wa alikoishi zamani imo kwenye droo za makumbusho: fuvu, ngozi iliyojazwa pamba, na lebo iliyofungwa mguuni. Lebo ndiyo mali. Huonyesha tarehe, mahali, jinsia, jina la mkusanyaji, na vipimo vya mwili mzima, mkia, unyayo wa nyuma na sikio. Ngozi isiyo na lebo ni pambo. Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo ya Berkeley, yaliyoanzishwa 1908, aliwadai watu wake madaftari ya kila siku porini. Mwaka 1910 aliandika kwamba huenda thamani ya kazi hiyo isionekane hadi karne ipite. Hakukosea.

Shida huanza pale lebo inaposema tu “maili 10 kaskazini mwa Tucson”. Kwa barabara, au kwa mstari mnyoofu? Eneo hilo la Arizona halisamehe makosa: safari fupi hukutoa kwenye jangwa la kakati aina ya saguaro hadi misonobari ya Mlima Lemmon, karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo wataalamu huweka nukta kwenye ramani, kisha huizungushia duara la mashaka. Mtumiaji wa hifadhidata anayesoma nukta na kulipuuza duara anajidanganya.

Hata nukta sahihi humfuata mkusanyaji kabla ya kumfuata mnyama. Huzagaa kando ya barabara, kambi na vyuo vikuu. Je, mahali patupu hapana ringteli, au hapakufika mtu? Mimi hupenda kuangalia majirani: ikiwa mitego ya watu walewale, pale pale, ilinasa mbweha wa kijivu na rakuni kwa wingi bila ringteli hata mmoja, utupu huo una uzito. Pasipo na kielelezo cha mnyama yeyote, ramani haijasema kitu.

Siku hizi vielelezo vingine ni wanyama waliogongwa na magari. Nyama yao hugandishwa kwa ajili ya vipimo vya DNA, na mahali huandikwa kwa usahihi wa mita chache. Ila mahali penyewe, bila shaka, ni kwenye lami.