Kutoka sijda hadi kusimama: mizani tuliyojaaliwa

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliikata njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Tabora, na wengine wakaendelea hadi Ujiji, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Mzigo ulipoyumba, mwili uliurekebisha kabla mwenyewe hajafikiri. Mizani hiyohiyo hututumikia sote kila tunaponyanyuka kutoka sijda.

Katika shina la ubongo zimo seli za neva zinazosimamia mizani ya mwili. Hupokea habari kutoka sikio la ndani, na pia kutoka misuli na viungo vya shingo na miguu. Tuinamapo, sikio huarifu kuwa kichwa kimeinama, kama liarifuvyo mtu anapoanguka. Shingo na miguu ndiyo inayobainisha kuwa mwili u imara.

Lau seli hizo zingeitikia kila habari kwa nguvu zote, tungepepesuka daima. Allah (S.W.) amejaalia kemikali za kutuliza, mashuhuri zaidi gaba na glisini, zinazopunguza mwitikio wa seli hadi kiasi kinachohitajika. Sehemu kubwa ya gaba hiyo hutoka katika ubongo mdogo, ulio kisogoni.

Hapa ndipo familia zetu zinapohusika. Dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya dayazepamu huongeza nguvu ya gaba katika ubongo mzima. Kwa mzee, dayazepamu yaweza kukaa mwilini siku kadhaa. Alfajiri habari za miguu hufika, lakini jibu la mwili huwa zito. Hunyanyuka, akapepesuka, na pengine akavunjika nyonga. Pombe nayo huongeza nguvu ya gaba, na ndiyo sababu mojawapo ya mlevi kuyumba.

Kwa hiyo tunawanasihi watoto wa wazee: msiwanunulie dawa hizo bila cheti cha daktari. Anayezitumia tayari asiache ghafla, kwani kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa. Amwone daktari apunguziwe taratibu. Nasi misikitini tuwawekee viti. Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, wala asione haya.

Wabillahi tawfiq.