Rangi ya Alumini Huanzia Kwenye Ngozi Yake

Kijana mmoja wa bodaboda kutoka Mlandizi aliniletea kifuniko cha injini alichokifunga kwenye gazeti. "Shikamoo, mwalimu," alisema. "Hiki nimekipaka rangi mara tatu, na kila mara inabanduka." Nilikwangua kwa ukucha. Kipande cha rangi nyekundu kiling'oka kizima, na chini yake alumini ilikuwa inang'aa vilevile, haina mkwaruzo hata mmoja. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Rangi yenyewe ilikuwa nzuri, ila haikuwa na pa kushika.

Kosa lake ni la wengi. Ukitoka Maili Moja kuelekea Picha ya Ndege hapa Kibaha, au ukipanda kwenda Kisarawe mjini, utakutana na karakana za madirisha ya alumini, pikipiki zenye vipuri vya alumini, na majiko yenye sufuria za alumini. Metali hii tunaishi nayo kila siku, lakini ikififia au ikiingia madoa tunakimbilia dukani kununua kopo la rangi. Mimi nashauri fedha ya kwanza iende kwenye sabuni na msasa.

Alumini haikai uchi. Ukiikwangua, hewa huivisha hapo hapo utando mwembamba wa oksidi, unene wa nanomita chache tu, maelfu ya mara chini ya unene wa unywele. Oksidi hiyo ndiyo inayojenga yakuti nyekundu za Longido na yakuti samawi za Tunduru na bonde la Umba; chembe kidogo za kromi zikiingia ndani yake, jiwe huwa jekundu. Kwa hiyo utando huo ni mgumu sana, na ndio unaoikinga alumini isiliwe kama chuma kinavyoliwa na kutu. Tatizo ni kwamba unateleza mno kwa rangi ya kupaka, na mara nyingi juu yake pana mafuta ya mikono na moshi.

Mama aliyewahi kupika maharage kwa magadi anaijua kemia hii bila kuambiwa. Magadi hula utando, na sufuria hugeuka nyeusi ndani. Akichemsha maji yenye ukwaju au ndimu weusi huondoka, na maji hayo humwagwa. Majivu ya kusugulia vyombo yana tabia ya magadi. Saruji mbichi na chokaa pia, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu nimeona nyumba Kisarawe ambayo fremu zake za rangi ya shaba iliyokolea zilifungwa kabla ya plasta kumalizika. Matone ya saruji yalikauka juu yake kwa siku mbili, na yalipobanduliwa yaliacha madoa ya kijivu yasiyofutika kwa sabuni wala kwa thina. Rangi ile haikupakwa juu ya alumini, imo ndani ya ngozi yake, na ngozi ikishaliwa hairudi kwa kusugua. Msasa ungemaliza hata kidogo kilichobaki. Mjenzi, funika fremu zako kwa karatasi na utepe wa gundi kabla fundi plasta hajaingia, na tone likidondoka lioshwe kwa maji papo hapo.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kuiacha alumini na rangi yake na kuing'arisha. Anza na msasa namba 240 ikiwa kuna mikwaruzo, uende 400, 800, hadi 1200, ukilowesha kwa maji yenye sabuni, na kila ukibadili namba ubadili pia upande wa kusugua. Hivyo utaiona mistari ya msasa uliotangulia na kuifuta yote. Wengi huruka namba kwa haraka, kisha hushangaa mistari ikitokea juani. Malizia na dawa ya kung'arishia kama Brasso. Kisha pasha kipande moto kidogo, joto la kushikika, upake nta ya nyuki na kufuta kwa kitambaa cha pamba. Watu huniuliza kuhusu udongo mweupe wa vilima vya Pugu, kaolini, kama unang'arisha. Unang'arisha, kwa kuwa chembe zake ni laini, lakini kule kaolini imechanganyika na mchanga mwingi, na punje moja ya mchanga huharibu kazi ya saa nzima. Uchanganye na maji mengi, uache mchanga utuame, umimine maji meupe chombo kingine, ndipo utumie unga utakaotuama humo.

Sasa kifuniko cha kijana wa Mlandizi. Vipuri vya injini husubiwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, na aina hiyo inafaa kupakwa rangi kuliko njia nyingine yoyote. Tulikiosha kwa thina kuondoa grisi, tukakisugua kwa msasa namba 320 hadi mng'ao ukafa kabisa, tukakiosha kwa maji ya sabuni na kukikausha juani. Baada ya hapo hakikuguswa na mtu kwa vidole vitupu. Siku hiyohiyo kikapata praima ya alumini, ile inayong'ata metali. Praima ya kawaida ya chuma haitoshi. Juu yake tukapuliza rangi ya injini inayostahimili joto, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Mkono mmoja mzito hukauka juu na kubaki mbichi chini.

Kwa vipande vya fremu na bati nene la alumini ipo njia nzuri zaidi, inayoitwa anodaizi. Waingereza waliitumia kiwandani tangu 1923 kukinga sehemu za ndege za majini dhidi ya maji ya chumvi, na mwaka 1927 ikapatikana ile ya asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo asidi ya betri ya gari. Umeme huulazimisha ule utando wa oksidi uwe mnene, kutoka nanomita chache hadi maikroni 15 au 20, na unapokua huota vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwanamke wa Pwani anayechemsha ukindu kwenye rangi kabla ya kusuka mkeka anafanya kazi inayofanana na hii: ukindu hunywa rangi, haupakwi. Alumini iliyopitia anodaizi nayo hunywa.

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, na ufanyie kazi nje, mbali na watoto, jiko na sigara, kwa kuwa hutoka hidrojeni inayolipuka. Kwenye ndoo ya plastiki tangulia kuweka maji ya mvua sehemu mbili, ndipo umimine taratibu sehemu moja ya asidi ya betri. Usigeuze mpangilio huo hata siku moja: maji yakimiminwa kwenye asidi huchemka ghafla na kurukia usoni. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai, chumvi hutoboa alumini. Kipande chako, kilichooshwa na kusuguliwa, kining'inie kwa waya wa alumini na kiungwe upande wa chanya wa chaja ya betri ya volti 12. Hasi iende kwenye bati jingine la alumini ndani ya ndoo, lisigusane na kipande. Usiingize waya wa shaba kwenye asidi, na tafadhali usivunje betri kuukuu ili upate risasi ya kuweka mahali pa bati hilo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, bado wanalipa kwa afya zao kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa mtaani kwao.

Kila desimita moja ya mraba inahitaji ampea 1 hadi 1.5. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kina desimita mbili za mraba ukihesabu pande zote mbili, kwa hiyo kitataka ampea 2 hadi 3, kwa muda wa dakika 45 hadi 60. Unga na uchomoe waya chaja ikiwa imezimwa, cheche zisirukie ile hidrojeni. Asidi isizidi nyuzi joto 22 au hivi. Mchana wa Kibaha hauruhusu hilo, na asidi ikipita nyuzi 25 utando hutoka laini na wa unga, unafutika kwa kidole. Mimi hufanya alfajiri, ndoo ikiwa ndani ya beseni lenye barafu.

Kazi ikiisha, suuza kwa maji baridi mengi, kisha shika testa na uguse kipande kwa ncha zote mbili. Alumini tupu hupitisha umeme. Iliyovaa ngozi mpya haipitishi. Mwanafunzi anapoona sindano haisogei, hapo ndipo huamini kwamba kuna kitu kimeota pale.

Kabla hakijakauka kitumbukize kwenye rangi ya nguo iliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, dakika 10 hadi 15. Si kila rangi hukubali, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Ikikolea, kitie kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa au zaidi, vitundu vifunge na rangi ifungiwe ndani. Usiruke hatua hii, maana rangi isiyofungiwa hufifia na kushika uchafu.

Asidi iliyobaki hutumika tena, ikikaa kwenye dumu la plastiki lenye maandishi makubwa. Ikichoka, itilie magadi kidogo kidogo hadi iache kutoa povu, ndipo uimwage, tena mbali na kisima.

Kuna wanaotumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni ili kuipa alumini sura ya ukungu mwepesi. Inafanya kazi: gramu 50 kwa lita moja, dakika moja au mbili tu. Lakini huchemka, hutoa hidrojeni, hupofusha macho. Usiiweke pamoja na alumini ndani ya chupa iliyofungwa, kwani chupa hupasuka. Asiye na uzoefu aiache.

Na sufuria zisiingie katika habari hii ya rangi. Chombo cha chakula kisipakwe wala kutiwa rangi ya nguo. Nawasihi pia wanaosubu sufuria wasichanganye vipuri vya injini na makopo ya kila aina: uchunguzi uliochapishwa 2014 kuhusu sufuria za Kamerun zilizosubiwa kwa chakavu ulikuta risasi ikitoka na kuingia kwenye chakula.

Kibaha ina chuo cha ufundi cha VETA na chuo cha maendeleo ya wananchi, na Kisarawe nayo ina chuo chake cha wananchi. Ndoo, chaja na kopo la rangi ya nguo ni vitu ambavyo karakana yoyote ya mafunzo inaweza kuvipata. Mafundi alumini wenzangu, vile vipande vya fremu vinavyobaki msivipeleke vyote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Tengeni mfuko mmoja kila mwezi, mpelekeeni mwalimu wa chuo kilicho karibu nanyi, ili vijana wakosee kwenye vipande hivyo kabla hawajagusa mali ya mteja.